Senti thelathini ndani ya kilo ya vanila

Chukua kilo moja ya vanila kavu, iliyoiva vizuri na kutayarishwa na mtu anayeijua kazi. Ndani yake kuna vanilini, kemikali inayoipa vanila harufu yake kuu, ya takriban asilimia 2, yaani gramu 20. Vanilini ya kiwandani, ule unga mweupe wa kutengenezea arki (maji ya harufu ya kutia kwenye keki), huuzwa kwa jumla kwa kati ya dola 10 na 20 za Marekani kwa kilo. Piga hesabu: gramu zile 20 zina thamani ya senti 20 hadi 40. Kilo hiyohiyo ya vanila kavu ya Madagaska ilikaribia dola 600 mwaka 2018, kisha bei ikaporomoka vibaya, lakini hata ilipofika chini kabisa hakuna aliyeinunua kwa senti 30.

Tofauti hiyo ndiyo jambo ambalo wakulima wengi wa Afrika Mashariki hawajaelezwa kwa uwazi. Miaka ya karibuni Tanzania kumekuwa na matangazo ya uwekezaji yanayotaja shilingi milioni moja kwa kilo, kana kwamba dunia inalilia harufu na haina pa kuipata. Dunia inayo harufu hiyo, tele na kwa bei ya chini. Chini ya asilimia 1 ya vanilini inayotumika duniani hutoka kwenye tunda la vanila. Anayeingia shambani akidhani anakwenda kuuza vanilini anashindana na kiwanda, na kiwanda kilishashinda kabla bibi yake hajazaliwa.

Vanilini ni aldehaidi ya aromatiki. Maana yake ni pete ya kaboni sita iliyobeba vikundi vitatu: kundi la aldehaidi, kundi la haidroksili na kundi la methoksi. Fomula yake ni C8H8O3, na fuwele zake huyeyuka kwenye nyuzi 81 hadi 83 za Selsiasi. Mfamasia Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitenga kutoka kwenye vanila mwaka 1858. Miaka 16 baadaye, mwaka 1874, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza kutokana na koniferini, kitu kinachopatikana kwenye utomvu wa misonobari, na kiwanda kikafunguliwa mjini Holzminden, Ujerumani. Kuanzia hapo malighafi ikawa suala la nani ana bei nafuu.

Kwa muda malighafi hiyo ilikuwa karafuu. Mafuta ya karafuu yana eujenoli kwa wingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 70. Eujenoli ikichemshwa na alkali hugeuka isoeujenoli, na isoeujenoli ikioksidishwa hutoa vanilini. Njia hii ilitumika viwandani hadi miaka ya 1920, enzi ambazo Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza dunia kwa karafuu. Kisha ikaja lignini, mabaki ya viwanda vya karatasi: miti ileile iliyotoa karatasi ikatoa na harufu ya aiskrimu. Kampuni ya Borregaard huko Sarpsborg, Norwei, bado inaitengeneza kutoka kwenye mti. Lakini sehemu kubwa ya vanilini ya leo hutokana na guayakoli, inayotokana na petroli, ikiunganishwa na asidi ya glaioksiliki. Ipo pia njia ya vijidudu, ambavyo hulishwa asidi ya feruliki kutoka pumba za mpunga na kutoa vanilini. Hiyo ni ghali kuliko ya petroli mara nyingi, lakini sheria za Ulaya na Marekani huiruhusu kuitwa ya asili.

Njia zote hizo huishia kwenye molekuli moja. Muundo ni uleule, harufu ileile, na ulimi hauna namna ya kuuliza imetoka mtini au kwenye pipa.

Mwili nao hauulizi. Ukila kitu chenye vanilini, utumbo huifyonza haraka, ini huioksidisha kuwa asidi ya vaniliki, sehemu huunganishwa na asidi ya glukuroniki au salfeti, na takriban yote hutoka kwenye mkojo ndani ya siku moja au mbili. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayosimamia viongezwa vya chakula imeweka kiwango cha hadi miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 600. Kijiko kimoja cha chai cha arki halisi ya vanila kina miligramu 10 hivi, kwa hiyo inabidi unywe vijiko 60 kwa siku kufika hapo, na pombe iliyomo ingekuangusha mapema. Ethili vanilini, ndugu yake ambaye hapatikani popote kwenye maumbile, ina kiwango cha chini zaidi, miligramu 3. Ina nguvu takriban mara tatu, ndiyo maana arki nyingi za bei rahisi huitumia. Kwa hiyo hoja kwamba vanilini ya kiwandani ni sumu na ya tunda ni dawa haina msingi wowote wa kikemia. Anayetaka kuuza vanila halisi atafute hoja nyingine.

Kuna mahali pamoja ambapo vanilini na mwili vilikutana kwa namna iliyoleta usumbufu wa kweli hospitalini. Adrenalini na noradrenalini zikivunjwa mwilini hutoa asidi ya vanililmandeliki, yenye pete ileile na vikundi vilevile viwili vya haidroksili na methoksi. Daktari anayeshuku uvimbe wa tezi ya adrenali, au saratani ya mishipa ya fahamu iitwayo nyuroblastoma kwa mtoto, huagiza asidi hiyo ipimwe kwenye mkojo. Kipimo cha zamani, cha miaka ya 1960, kiliigeuza asidi yenyewe kuwa vanilini kwa kutumia periodeti kisha kikasoma rangi yake kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 360. Sasa fikiria mgonjwa aliyekula keki ya vanila jana yake: kifaa kilisoma na mabaki ya keki. Hapo ndipo lilipotoka agizo la kuacha vanila, ndizi, kahawa, chai na chokoleti siku mbili tatu kabla ya kipimo. Maabara zinazotumia kromatografia ya kimiminika au spektromita ya masi hutenganisha vitu hivi, na kwao agizo hilo kwa sehemu kubwa ni mazoea. Mzazi anayekatazwa kumpa mtoto ndizi ana haki ya kuuliza maabara inatumia njia gani. Akiambiwa ni ya rangi, afuate katazo bila ubishi.

Jambo zito zaidi ni selimundu. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Marekani, Donald Abraham akiwemo, lilichapisha kwamba vanilini hujishika kwenye hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na kupunguza chembe kugeuka mundu. Si uzushi. Kundi la aldehaidi huungana na ncha ya amino ya protini, na hemoglobini hubaki kwenye umbo linaloshika oksijeni, umbo ambalo haliungani kuwa nyuzi. Ni rahisi kuona jinsi habari hii inavyoweza kugeuzwa tangazo la chupa ya arki. Tatizo liko kwenye kiasi. Mtu mzima mwenye afya ana hemoglobini ya gramu 700 hivi mwilini, na vanilini hujishika nayo kwa ulegevu, kwa hiyo damu inahitaji kujazwa vanilini nyingi na kwa muda mrefu, ilhali ini linaigeuza asidi karibu mara tu inapopita. Miligramu 10 za kijiko cha arki hazigusi hesabu hiyo.

Watafiti waliifuata njia hiyohiyo ya aldehaidi ya aromatiki hadi wakapata voxelotor, molekuli iliyoundwa makusudi ijishike kwenye hemoglobini kwa nguvu kuliko vanilini. Dozi yake kwa mtu mzima ilikuwa miligramu 1,500 kwa siku. Marekani iliiidhinisha Novemba 2019. Septemba 2024 Pfizer iliiondoa sokoni dunia nzima, kwa sababu takwimu zilionyesha wingi usio wa kawaida wa vipindi vya maumivu makali na vifo miongoni mwa waliokuwa wakiitumia. Ikiwa dawa iliyobuniwa kwa hesabu zote hizo imeondolewa, anayemuuzia mzazi wa mtoto wa selimundu chupa ya vanila anastahili kuitwa tapeli. Dawa ya haidroksiyurea ipo, imefanyiwa majaribio kwa watoto hapa Afrika, na ndiyo ya kuzungumza na daktari.

Basi mwili hautofautishi. Na jikoni je? Mara nyingi jiko nalo halitofautishi, na sioni aibu kusema hivyo. Kwenye keki iliyookwa, biskuti, maandazi au chokoleti, harufu ndogondogo za tunda hupotea kwenye joto au hufunikwa na siagi na sukari, na kinachobaki kunusika ni vanilini. Kumlipisha mteja wa kawaida bei ya vanila halisi ndani ya keki iliyookwa kwa nyuzi 180 ni kumuuzia jina. Krimu isiyopikwa, kastadi, maziwa na aiskrimu ni habari nyingine.

Anayetumia unga wa vanilini aujue vizuri, maana makosa yake ni yaleyale kila mahali. Kwanza, kiasi. Kilo moja ya rojo la keki inataka gramu 0.1 hadi 0.2 tu, na mizani ya jikoni haipimi hivyo. Changanya gramu 10 za vanilini na gramu 100 za sukari iliyosagwa hadi zishikane, kisha ongeza sukari nyingine gramu 890. Hapo una kilo ya sukari yenye asilimia 1, na gramu 10 hadi 20 zake zinatosha kilo ya rojo. Ukizidisha, keki huwa na ukali wa kikemikali unaobaki kooni, na watu huusingizia unga mbovu. Pili, maji baridi. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 huyeyusha gramu 10 tu, na ukitia zaidi fuwele hukaa chini ya chupa, kisha mtu wa mwisho kuitumia anapata dozi yote. Tumia maji ya moto, gliserini au mafuta. Kwa mpishi anayeepuka kilevi, unga na gliserini ndiyo njia, kwa sababu arki halisi kwa sheria ya Marekani lazima iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Tatu, magadi na baking soda. Vanilini ni fenoli, yaani asidi dhaifu, na rojo likivuka pH ya 7.4 zaidi ya nusu yake hugeuka chumvi isiyoruka hewani, harufu ikafifia hata kama uliweka ya kutosha. Na usiihifadhi kwenye kopo la chuma, kwa sababu ikikutana na chuma na unyevu hubadilika rangi kuelekea zambarau.

Sasa tunda. Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ndipo inapomwagwa.

Tunda bichi la vanila, refu la kijani mfano wa ganda la kunde lililonenepa, halinuki kitu. Vanilini iliyomo imefungwa kwenye sukari, kwa jina glukovanilini. Hujikusanya taratibu kuanzia kama mwezi wa nne baada ya uchavushaji na kufikia kilele karibu mwezi wa nane. Dalili ya kuvuna ni ncha ya tunda kuanza kugeuka njano. Tunda la mwezi wa sita lina urefu na unene uleule wa lile la mwezi wa tisa, na kwa jicho la mnunuzi wa kijijini anayepima kilo, ni bidhaa ileile. Ndani yake glukovanilini bado ni kidogo. Likikaushwa huwa jembamba, kavu kama kijiti, na vanilini haifiki hata asilimia 1.

Na kila tunda limegharimu mkono wa mtu. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja na kunyauka siku hiyohiyo. Mahali pengi nje ya Meksiko hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mtu huinua kwa kijiti kile kijiulimi kinachotenganisha dume na jike na kuvigusanisha, mbinu aliyoigundua Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Kilo moja ya vanilini kutoka kwenye tunda inataka kilo 50 za vanila kavu, sawa na kilo 250 hadi 300 za vanila mbichi, na kwa tunda kavu la gramu 3 hayo ni maua zaidi ya 16,000 yaliyochavushwa moja moja. Ndiyo maana nasema haiwezekani kushindana na kiwanda kwenye vanilini.

Wizi ndio unaowasukuma wakulima kuvuna mapema. Mkulima anayelala shambani na panga kwa wiki sita huchoka, akasikia jirani ameibiwa, akavuna yote usiku mmoja. Madagaska wengine huyachoma matunda kwa pini wakiandika alama zao yangali mabichi, na alama hubaki hadi tunda linapokauka. Uganda, ambayo ina misimu miwili kwa mwaka, serikali hutangaza siku ya kufungua mavuno, na anayekutwa na vanila mbichi kabla ya siku hiyo ana maswali ya kujibu. Naona njia ya Uganda ndiyo ya kuigwa Kagera na Kilimanjaro, kwa sharti moja: tarehe itoke kwa wanaohesabu miezi tangu maua yalipochanua. Tarehe moja kwa nchi nzima huwaumiza wale ambao maua yao yalichelewa.

Baada ya kuvuna, kazi ni kuvunja ule mfungo wa sukari. Matunda huchaguliwa kwa ukubwa na kutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika 2 hadi 3, makubwa yakikaa zaidi. Lengo ni kuua tunda na kupasua seli zake ili kimeng'enya cha beta-glukosidasi kikutane na glukovanilini, bila kukiua kimeng'enya chenyewe. Maji yakiwa ya nyuzi 55, tunda halifi sawasawa, huendelea kuiva na kupasuka. Yakivuka 70, kimeng'enya hufa na unabaki na tunda jeusi zuri lisilonukia. Kipimajoto cha maji ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye shughuli nzima, na kidole si mbadala wake.

Kisha matunda ya moto hufungwa kwenye blanketi za sufu na kufungiwa ndani ya sanduku kwa saa 24 hadi 48, yatoke jasho na kugeuka rangi ya chokoleti. Hufuata wiki moja au mbili za jua la saa chache kila siku, yakifungwa tena yangali na joto, halafu miezi miwili au mitatu ya kivulini kwenye chanja hadi unyevu ufike asilimia 25 hadi 30. Mwisho ni sandukuni, kwenye karatasi ya nta, miezi mingine, yakikaguliwa kila wiki. Kilo 5 hadi 6 za mbichi huwa kilo 1.

Ukungu ndio adui wa hatua hizi za mwisho, na tunda moja lililoachwa linatosha kuharibu sanduku zima. Watu huuchanganya na fuwele za vanilini zinazochipua juu ya tunda zuri. Fuwele ni sindano nyembamba zinazometa juani. Ukungu ni mfifio, wa unga, huenea ukiupangusa na una harufu ya chumba kilichofungwa. Kosa la pili ni pupa: bei ilipopaa Madagaska, wengine waliyafunga matunda yenye unyevu kwenye mifuko isiyo na hewa ili kuuza uzito wa maji. Humo matunda huchacha, na hiyo ilichangia kuichafulia jina vanila ya kisiwa kizima.

Miezi hiyo yote haitoi vanilini peke yake. Tunda lililotayarishwa vizuri lina zaidi ya viambata 200 vya harufu: para-haidroksibenzaldehaidi, asidi ya vaniliki, guayakoli kidogo na vingine kwa viwango vidogo mno. Hivyo ndivyo kiwanda hakina, na hivyo ndivyo mnunuzi wa aiskrimu nzuri anavyolipia. Analipia pia ushahidi. Sheria ya Ulaya hairuhusu kuandika "ladha asilia ya vanila" kama asilimia 95 ya ladha hiyo haitoki kwenye vanila, na Marekani hudai takriban gramu 100 za vanila kavu kwa kila lita ya arki. Kwa hiyo kila shehena hupimwa.

Uwiano wa vanilini na para-haidroksibenzaldehaidi kwenye vanila halisi huwa kati ya 10 na 20 kwa 1. Mtu akiongeza unga wa kiwandani, uwiano huruka na maabara hukamata. Akiwa mjanja ataongeza na para-haidroksibenzaldehaidi pia. Hapo hupimwa kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo: mmea wa vanila huvuta hewa ya ukaa usiku kwa njia tofauti na misonobari na mpunga, na vanilini yake husoma karibu −20 kwa elfu ukilinganisha na kipimo rejea, wakati ya mti, mpunga au petroli iko chini zaidi, karibu −27 hadi −30 na kuendelea. Walaghai walifika hadi kununua vanilini iliyopandikizwa kaboni 13 ili kuusogeza usomaji. Walinaswa kwa kupima kaboni kwenye kila kundi la molekuli peke yake.

Kwa ushirika wa Bukoba, au wa Bundibugyo kule Uganda, maana ya haya yote iko kwenye mkataba. Bei ya kilo mbichi isiyotaja umri wa tunda inamlipa aliyeiba na aliyevuna mapema sawa na aliyesubiri. Mkataba utaje miezi tangu uchavushaji, na mashada yaandikwe tarehe kwa kibao wakati wa maua. Bei ya vanila kavu ifungwe kwenye vipimo viwili, unyevu na vanilini, na sampuli moja ibaki kwa muuzaji imefungwa kwa lakiri hadi malipo yakamilike. Mnunuzi atakayekataa sharti la sampuli amejitambulisha mwenyewe.